Hakuna Kitu Huko Chini

"Tope tu," alisema Helvi, akimenya viazi gatini,
"tope, na magogo ya kampuni. Hakuna kitu huko chini."
Hakuinua macho. Maganda yalidondoka majini,
yakaelea kidogo, yakazama.

Ramani ya idara ilisema mita kumi na mbili.
Ramani ya idara haijawahi kulowa.
Irja alifunga kamba kwenye mguu wa gati,
akanikazia mkanda wa mtungi, akanigonga begani mara mbili,
tukashuka.

Maji ya kwetu Ufini si ya buluu. Ni chai ya mkandaa;
misonobari imeyachemsha miaka elfu bila moto.
Mita ya tatu, mkono wangu ulikuwa wa dhahabu.
Mita ya sita, shaba.
Ya nane, baridi ilinishika kisogo
kama mtu aliyekuwa akingoja nyuma ya mlango,
na mkono sikuuona tena.

Usilolijua ni usiku wa kiza, wasema walio pakavu.
Tochi yangu ilichonga tundu la upana wa sinia.
Ndani ya sinia, gogo. Gogo jingine, limesimama wima,
limepigwa muhuri kichwani, herufi mbili na taji,
mali ya mtu aliyekwisha kufa na bado anadai.
Samaki mrefu, mdomo wa bata, alitutazama
kama karani anavyowatazama waliokuja saa ya chakula.
Kumi na mbili. Kumi na tano. Kamba bado inatoka.
Kumi na tisa: goti langu likagusa tope, na dunia ikafumba.

Tulingoja. Tope halina haraka.
Lilipotua, Irja alikuwa ameshika usukani.

Mopedi. Imelala ubavu, mawe yamefungwa kwenye fremu kwa waya,
fundo juu ya fundo, kazi ya mtu aliyekusudia.
Kiti kilichanika zamani, kikashonwa kwa uzi wa kuvulia,
mishono midogo ya msalaba, ya mkono wenye subira.
Irja aliinua kidole gumba. Huku hakina maana ya "safi";
maana yake twende zetu.

Gatini nikaeleza. Mawe. Waya. Nilipofika kwenye mishono
kisu kilisimama katikati ya kiazi.
"Ya msalaba?"
Ya msalaba.
"Tauno alisema ameiuza. Akapanda meli ya Uswidi kwa pesa hizo.
Na noti za mama, zile za kwenye kopo la kahawa..."
Akatazama ziwa kama mtu anayetafuta jina la jirani.
"Mpaka anakufa, mama alilala na mkoba chini ya mto.
Nyumbani tulikuwa wawili tu."

Akakimaliza kile kiazi, ganda moja refu lisilokatika.

Jioni Irja aliandika daftarini: kina, mita kumi na tisa;
joto, nyuzi nne; mwono, urefu wa mkono.
Penye jina la mahali akaacha wazi.
Helvi alituletea viazi, siagi na chumvi ya mawe,
akasimama mlangoni, hakukaa,
akauliza kama ikivutwa juu
mishono itahimili.