Pazia Lisilo na Kamba

Jumanne, akimenya kitunguu,
pazia lilishuka kwenye jicho la kushoto la Vendel.
Halikuanguka. Lilishuka,
kutoka juu, polepole, la kijivu,
likakaa dakika nne, kisha likapanda lenyewe.

“Rozália,” akaniita, “hakuna aliyevuta kamba.”

Naye ndiye wa kujua.
Miaka thelathini na mmoja alivuta mapazia
katika ukumbi wa michezo hapa Szeged,
sigara mdomoni, viganja sugu tupu.
Nikamwambia ni uchovu. Nikamwambia ni kitunguu.
Mungu anisamehe, nikamwongezea na chumvi kwenye supu.

Alhamisi kijiko kikamponyoka mkono wa kulia,
na jina la dada yake likamponyoka ulimini.
Dakika kumi. Vyote vikarudi.
Yeye akacheka.

Daktari Bereczki, ambaye umri wake haufiki wa viatu vyangu,
hakucheka.
Alimwekea chuma baridi chini ya taya,
akamwambia azuie pumzi,
akasikiliza kama mtu aliyetega sikio ukutani
majirani wakigombana.
“Panavuma,” akasema.
“Damu ikipata nafasi hupita kimya.
Ikibanwa, hulalamika.”

Chumba cha ultrasaundi kilikuwa na giza.
Wakampaka ute shingoni, wakatembeza kifaa,
na kwenye kioo nikaona njia ya damu ya mume wangu
ikija pana, ikifika panda,
ikageuka uzi.
Asilimia themanini imezibwa.
Nikauliza, na hicho cheupe?

Wakanieleza, nikaelewa kabla hawajamaliza,
maana nimesugua sufuria maisha yangu yote
na ukoko haushiki kwa siku moja.
Presha huuchubua ukuta wa mshipa.
Moshi wa sigara huutonesha.
Lehemu huingia pale penye mchubuko, hupiga kambi,
chokaa hufuata, tabaka juu ya tabaka,
na mtu huyo anakula, anaimba, anazeeka, hana habari.
Hadi siku kipunje, kidogo kuliko mbegu ya pilipili,
king'oke, kipande na damu kichwani.

“Zile dakika nne zilikuwa hodi,” daktari akasema.
“Kiharusi chenyewe si lazima kibishe tena.”

Wakampasua Jumatatu.
Macho wazi, shingo imekufa ganzi,
na katika mkono wa kulia wakamtia bata wa mpira.
Ndiyo, bata. Wa njano. Wa mtoto kuogea.
Wakishaubana mshipa, watamwambia aminye:
bata akilia, ubongo unapata damu;
akinyamaza, watapitisha mrija haraka.

Mimi nilikaa kwenye ukumbi wa nje na pochi mapajani
nikisikia, au nikidhani nasikia,
pwii.
Pwii.
Halafu kimya.
Nilihesabu vigae vya sakafu. Mia moja na kumi na viwili.

Baadaye nikaambiwa ni mpasuaji aliyemnyamazisha.
Vendel alikuwa anaminya bila kuombwa.

Wakanionyesha walichokikwangua:
kimelala kwenye sahani ya chuma,
umbo la panda ya manati, rangi ya nta kuukuu.
Arobaini ya miaka ya vifungua kinywa vyetu,
mkate, mafuta ya nguruwe, chumvi, kitunguu,
na mkono uliovipakaza ni huu.

Sasa ni aspirini asubuhi,
kidonge cha lehemu usiku,
presha inaandikwa kwenye daftari la deni la duka.
Sigara hakuna; anatafuna vijiti vya kiberiti
na kuninunia.
Kovu linatoka chini ya sikio hadi kwenye kola,
na shavu pale bado halisikii wembe.
Upande wa kulia nao umeanza, asilimia arobaini.
Hauguswi. Unalindwa tu, kila mwaka, kwa kile kioo.

Usiku akilala namwekea sikio shingoni, kulia,
pale karibu na taya.
Sijui ninachotafuta. Sina elimu hiyo.
Anaamka, anasema namtekenya.
Namwambia zuia pumzi.