Jicho la Jogoo

Simu inalia saa kumi na mbili asubuhi,
mlio mwembamba, kama mwanambuzi aliyeachwa nyuma.
Naamka kabla ya Eleuterio.
Nazima feni, nafunga dirisha,
namtoa kuku aliyezoea kulala chini ya kitanda.
Nanawa mikono hadi viwiko, nahesabu mpaka sitini,
navaa barakoa yangu, namvalisha na yake.

Miaka thelathini alikata miwa ya watu
kando ya mto Lempa, jua likiwa utosini,
tani sita kwa siku
na chupa moja ya maji, nayo akigawana na wageni wa kazi.
Mnyapara alipima miwa. Maji hakuyapima.
Sasa wapima maji ni sisi.

Lita mbili zinaingia tumboni kwa mrija,
zinakaa, zinaokota uchafu ambao figo zimechoka kuuokota,
zinatoka.
Naning'iniza mfuko kwenye mizani ya maharagwe,
ile ile niliyouzia sokoni,
namtajia Marisela mshale uliposimama,
naye, mjukuu wangu, anaidonoadonoa simu yenye kioo cha nyufa.
Gramu elfu mbili na mia tatu.
Duara linageuka kijani.
Eleuterio anacheka: "Nimefaulu tena,
mimi niliyeacha shule darasa la pili!"

Huko mji mkuu yuko muuguzi, Ivania.
Nimemwona mara mbili tu,
lakini uzito wa mume wangu anaujua kunishinda.
Jumapili tulikula jibini ya chumvi;
Jumatatu miguu ikavimba, duara likawa la manjano,
naye akaandika: Doña Obdulia, jibini kaleta nani?
Nikaona haya kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Programu huuliza: maji ni angavu?
Kliniki walitufundisha tuweke gazeti nyuma ya mfuko;
ukizisoma herufi, salama.
Mimi na herufi hatujuani.
Nikatundika kalenda ya duka la mbolea,
ina picha ya jogoo mwekundu.
Nikiliona jicho lake, najibu ndiyo.

Usiku mmoja wa mvua, Oktoba, jogoo akapofuka.
Mfuko ulikuwa kama maji yaliyooshea mchele.
Nikaufuta mfuko, nikaifuta kalenda, nikayafuta macho yangu.
Marisela akabonyeza hapana.
Duara likazunguka, likazunguka:
mto umefura, mnara umezimika, mtandao hakuna.
Nikaifunga simu ndani ya nailoni
nikapanda ngazi ya tangi la maji,
mimi, na magoti haya,
nikaiinua juu kama amwinuliaye Mungu mtoto mgonjwa.
Kijistari kimoja.
Viwili.
Picha ikaenda.

Baada ya dakika kumi na moja, sauti ya Ivania,
nzito kwa usingizi, nyuma yake mtoto analia:
"Msingoje homa. Njooni na mfuko huo huo, msiumwage."
Saa nane usiku tulipanda gari la maziwa,
Eleuterio amejikunja kati ya madebe,
mfuko mapajani mwangu, umeviringishwa shali,
una joto bado.

Amerudi. Simu inalia saa kumi na mbili.
Inauliza uzito, inauliza shinikizo la damu,
usingizi, miguu, hamu ya kula.
Anajibu yote kwa adabu,
kama alivyokuwa akimjibu mnyapara.
Jana nilimwomba Marisela atafute
mpaka chini kabisa, ukurasa hata ukurasa,
kama kuna mahali wanapouliza
kule shambani alikunywa nini, na zamu ilikuwa ya nani.
"Hakuna, bibi. Kuna Mengineyo tu."
"Basi andika hapo."
"Niandike nini?"

Bado nafikiri.
Mfuko umejaa. Jogoo ananitazama.