Kabla ya Ndoo ya Pili

Kila Januari naumba dunia.
Nuru, maji, samaki, mti na tunda lake,
nimeviumba mara tisa sasa,
na mara tisa nimefukuzwa bustanini,
nimeshuka Misri, nimetoka Misri,
nikafika Februari, kwenye Walawi,
kwenye figo na mafuta ya kondoo,
nikafunga kitabu
kama mtu anayefunga duka lisilo na wateja.

Biblia yangu ukiitazama ubavuni
kurasa za mbele ni nyeusi kwa vidole,
kisha nyeupe, nyeupe tu,
kama shuka za hoteli kule Casuarina
ninazopiga pasi mia na ishirini kwa siku
msimu wa Wataliano.

Nia ninayo. Muda ndio mali ya watu.
Alfajiri ni ya Kahindi na soksi zake zisizofanana,
mchana ni wa mvuke,
jioni ni ya muhogo, ya deni la chama,
ya simu ya dada yangu wa Marafa asiyejua kuaga.
Nikapanga kusoma usiku, kitandani.
Nilisoma neno "basi" nikalala,
nikaamka na chapa ya jalada shavuni.

Mchungaji Mwaringa alitugawia ratiba,
sura tatu kwa siku, na visanduku vya kutia alama.
Nilitia alama nne.
Ratiba ikaishia kufungia mahamri.

Kilichonifaa ni ndoo.

Hapa Maweni, ua wetu ni vyumba sita na bomba moja.
Bi Rukiya wa chumba cha pembeni
huamka mwadhini hajakohoa bado kwenye kipaza sauti.
Huweka ndoo ya bati chini ya bomba:
kwanza mlio mkali,
kisha mzito, mzito zaidi, kisha kimya.
Hiyo ni ya udhu. Anaingia, anaswali.
Halafu anarudi na ndoo ya pili, ya kufulia.
Baina ya ndoo na ndoo
pana robo saa
ambayo hakuna aliyeitia jina lake.

Nikaichukua kama mwizi.
Nilikaa jikoni juu ya mbuzi ya nazi,
kitabu mapajani, simu nimeibana kwa kidevu inimulike.
Sikurudi kuumba dunia.
Nilianza palepale, pa kondoo na figo zao,
mistari sita, siku nyingine minne,
siku moja mstari mmoja tu,
maana ulikuwa na mfupa
na nikautafuna hadi kazini.

Haba na haba, wanasema. Kibaba sijakiona.
Ila nikikunja shuka ya arobaini
nakuta neno limekaa kwenye mkunjo,
limenisubiri.

Mwezi wa tano nikaacha.
Wageni wamekwenda kwao, mshahara nusu,
mvua inavuja juu ya kitanda cha Kahindi, na yeye ana homa.
Nikasema Mungu anajua niliko.
Ndoo ya kwanza nikaisikia, nikageukia ukutani.
Siku mbili. Tatu.

Ya nne, Bi Rukiya akasimama mlangoni,
mikono ikitona maji.
"Jumwa, mbona taa yako haiwaki?
Mimi nilizoea kuwa kuna mtu.
Siku hizi natawadha peke yangu."
Akaacha bakuli la uji wa mchele kwa mtoto.
Hakuuliza ninasoma nini.
Hajawahi kuuliza.

Sasa nimevuka, nimo katika Hesabu.
Ni majina, majina matupu,
watu waliohesabiwa jangwani ukoo kwa ukoo,
na nusu yao sijui walifanya nini zaidi ya kuwapo.
Nayasoma kwa sauti ndogo hata hivyo,
mtu asije akakosekana kwa uvivu wangu.
Ukurasa huu una tone la tui.
Uchafu unasonga mbele, taratibu.

Bomba hilo linalia tena.
Nimebakiwa na mstari na nusu.