Doa

Februari, barafu ikiwa bado imeishika gati ya Gothenburg,
waliikata kwa mashoka ili merikebu itoke.
Mizinga thelathini. Mabaharia mia na arobaini.
Na Botvid wangu, mpiga mizinga wa ubavu wa kushoto,
amevaa soksi nilizomfumia usiku wa kuamkia safari,
moja ndefu kuliko mwenzake.

Nilimpa karatasi.
Nilikuwa nimechora samaki, herufi mbili, B na K,
na ua ambalo mkono wangu haukuliweza.
"Huko Kantoni," nikamwambia, "wako mafundi wa kauri.
Watutengenezee vikombe kumi na viwili.
Nisife kabla sijanywa kama wake wa wakurugenzi."
Karatasi ile ilikuwa imefungia samaki wa chumvi.
Sikuwa na nyingine.

Kwanza Kadizi, kupakia fedha,
maana Wachina hawakuzitaka mbao zetu,
walitaka fedha, kasha kwa kasha,
fedha iliyochimbwa na watu wasioijua chai.

Halafu maji.
Miezi sita ya maji.
Kiseyeye kililegeza meno, kikalegeza magoti,
wakashonwa kumi na tisa ndani ya turubai,
kila mmoja na tufe la mzinga miguuni.
Hiyo ndiyo kazi pekee matufe yale yaliyofanya.
Adui hakuja. Maharamia waliihesabu midomo ile thelathini,
wakaenda kutafuta wanyonge.

Lakini baruti haikulala.
Kupita ngome: mizinga tisa ya salamu.
Kukutana na Waholanzi: tisa; wakijibu, tisa tena, ya shukrani.
Siku ya kuzaliwa mfalme, mbali kabisa na mfalme: ishirini na mmoja.
Hata mkaguzi wa forodha, mtoni, na mwavuli wake, alipigiwa saba.
Adabu juu ya adabu.
Na kila adabu ilichukua chake masikioni mwa mume wangu:
ndege wa baharini kwanza,
kisha filimbi ya serahangi,
kisha jina lake mwenyewe.

Haya mengine alinisimulia kwa kelele, kama mtu aliye juu ya mlingoti:
ghorofani, fundi Ngai, miwani imefungwa kwa uzi,
aliipokea karatasi yangu kwa mikono miwili.
Akamchora samaki.
Akalichora ua langu baya, baya vilevile.
Na pembeni, kwa rangi ya majani makavu,
akalichora doa la mafuta, kingo zake zote,
kwa subira ya mtu anayenakili sala ya dini asiyoijua.
Mara kumi na mbili.

Vikombe vilirudi chini kabisa, ngamani,
kauri haiogopi maji, chai ndiyo inayolala juu.
Siku ya mnada mji mzima ulinukia majani,
na wakurugenzi wakanenepa mbele ya macho yetu.
Mimi niliita gatini: Botvid!
Alikuwa hatua tatu mbele yangu, amenipa mgongo.
Botvid!
Aliendelea kuitazama bahari.

Mwaka uliofuata karani wa Kampuni aliyasoma majina ya safari.
Hakuitika, akiwa amesimama palepale.
Wakaandika: hayupo.

Gunilla, binti yetu, ndiye aliyekisugua kikombe kwa majivu.
"Mama, hakitakati."
Nikampa cha pili.
"Hiki nacho."
Nikavipanga vyote kumi na viwili dirishani, penye mwanga,
na doa langu likanitazama mara kumi na mbili,
safi, limechomwa kwa moto, haliondoki milele.

Nikamvuta Botvid mkono.
Nikaweka kidole kwenye doa, nikaibana pua.
Alikodoa macho. Kisha akaelewa.
Akacheka kicheko asichokisikia,
vikombe vikagongana, vioo vikatetemeka,
hata jirani akatoa kichwa nje
kuuliza ni merikebu gani imeingia.