Deni Sawa na Deni

Darasa la jioni, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.
Mwalimu Semhando, mdogo kuliko kitindamimba wangu,
anasema: kipe jina, kisha kitie namba.

machungwa = 40
Ya Muheza, ganda kijani, ndani sukari.
bei = 150
jumla = machungwa * bei
Kompyuta ikajibu 6000
bila kulamba kidole.

Nikapandisha bei, mia mbili.
Nikaiuliza jumla: 6000 ileile.
Nikacheka peke yangu. Kama marehemu mume wangu,
haihesabu upya mpaka iambiwe.

Ubaoni akaandika:
deni = deni - 500
Nikanyoosha mkono. Mwalimu, huo uongo.
Kitu kikipungua kitakuwaje sawa na chenyewe?
Akasema, mama, alama hiyo si usawa, ni amri:
chukua lililokuwamo, toa, rudisha mlemle.

Mlemle.
Nikaukumbuka ukurasa wa Mwantumu, muuza mihogo,
kwenye daftari langu la dukani:
mia tano kila Ijumaa, nakata, naandika pembeni,
karatasi imetoboka kwa kukatwa.
Juzi limefika sifuri.

Jina sijalifuta.
Mwezi haujaisha, na unga umepanda.