Pazia la Mize

Kombo Asaa wa Baraza la Mji alinibishia hodi baada ya isha,
kanzu imemgandama mgongoni kwa jasho.
"Bi Time, pazia la sherehe limekwama bandarini Mkoani
na mgeni anafika kesho saa nne.
Tuazime lako, lile la buluu."

La buluu lilikuwa la chumba cha Mize.
Nililishona kwa cherehani ya mkono mwezi mmoja kabla ya harusi yake,
pindo la dhahabu, pete kumi na mbili.
Nikasema, lirudi Ijumaa.
Akasema, inshallah,
akalikunja vibaya, akenda zake.

Asubuhi nilikaa safu ya tatu.
Mgeni akavuta kamba, kamba ikagoma.
Akavuta tena; pete moja ikachomoka,
ikabingirika mpaka miguuni mwa mpiga tarumbeta.
Jiwe likaonekana: SOKO LA KISASA, WETE,
na majina ya watu wanne na vyeo vyao.
Wenzangu walipiga makofi.
Mimi nilihesabu pete. Kumi na moja.

Ijumaa ikaja.
Pazia limekwenda Jadida, kufunua tangi la maji.
Ijumaa nyingine liko Limbani, kwenye kibao cha barabara.
Kisha Selem, sikumbuki kufunua nini.
"Maendeleo hayataki haraka, Bi Time."
"Na pazia langu je, mbona halitulii?"
Kombo akacheka, akanipa soda ya moto.

Tangi la Jadida mpaka leo linangoja bomba lake.
Soko lina nguzo kumi na sita,
na juu ya kila nguzo nondo zimechomoza
kama vidole vya mtoto anayejua jibu
na mwalimu hamtazami.

Ila sakafu waliimwaga kabla fedha haijakatika,
na sakafu ile, haki ya Mungu, ni nzuri.
Msimu wa karafuu tuliigawana kwa chaki:
hapa kwa Bi Riziki, hapa kwa kina Mbwana,
kipande cha kona changu mimi na wifi yangu.
Jamvi halianiki vile. Siku tatu, karafuu kavu, inavunjika kwa ukucha.
Wingu likinyemelea kutoka Mtemani
twakimbia sote na mafagio na magunia,
huyu anaita, huyu anakanyaga za mwenziwe, huyu anatukana,
na kwa muda wa kujaza pishi moja
soko linajaa watu
kama ulivyoahidi ule mchoro wa ukutani.

Mtaro wa Utaani haukuwa na mchoro.
Masika mawili maji yalituingilia hadi uvunguni,
kapu la viatu likaelea, tukachoka.
Tukachanga elfu mbili mbili, asiye nazo alete ndoo ya kokoto.
Fundi Faki Hamadi akaja na vijana wawili na koleo tatu.
Hakuna aliyekata utepe.
Siku ya pili ya zege nikapita kutoka dukani,
nikaona kitu cha buluu kimelala juu ya mtaro,
kimerowa chepechepe, pindo limeliwa na saruji.
Pete zimebaki nne.

"Fundi, hili umelipata wapi?"
"Kwa dereva wa Baraza. Alikuwa akifutia vioo."
Akaona uso wangu, akaweka chini mwiko.
"Zege changa likikauka mbio linapasuka, mama.
Nilitaka kitambaa kizito, kinachoshika maji."

Kizito, naam. Nilichagua mwenyewe, dukani kwa Mhindi, Chake,
nikakipima kwa kukiweka mbele ya jua
ili mtu asimuone mwanangu.
Mize yuko Tanga sasa, ana watoto wawili.
Chumba chake kina pazia jingine, la maua,
nimeliona kwenye simu.

Nikachutama. Pembe moja ilikuwa imeanza kukauka,
kwa chini zege limebadilika rangi.
Nikamtuma mtoto wa jirani kopo la maji,
nikamimina polepole, kutoka kwenye pindo kwenda katikati.

"Lifunikwe mpaka lini?"
"Siku saba," akasema fundi.
Nikahesabu kwa vidole.
Itaangukia Ijumaa.