Droo ya Kumi na Saba

Droo ya kumi na saba hukwama.
Ipige kiganja, chini kushoto, itafunguka,
na harufu ya nafthalini itakusalimu kabla yangu.
Hawa ni mbawakawa. Mia mbili na sita.
Kila mmoja na pini yake kwenye bawa la kulia,
na chini yake kikaratasi kidogo kuliko ukucha:
Pugu, ndani ya gogo lililooza, 27 Aprili 1971, M. Pazi.

Sikumjua Bwana Pazi.
Naujua mwandiko wake tu: saba zake zina mkanda kiunoni,
na pale wino ulipomwishia alimalizia kwa penseli.
Mdudu bila karatasi, nilifunzwa, ni vumbi lenye miguu sita.
Karatasi bila mdudu, hiyo bado ina neno:
yupo mmoja hapa aliyeliwa na wadudu wenziwe,
ikabaki pini, na "Kazimzumbwi, baada ya mvua, nilimsikia kwanza".

Mwaka huu nimepewa kazi ya ramani.
Kila karatasi niigeuze nukta nyekundu.
Jiji likaanza kuota surua mbele yangu kwenye kompyuta:
Pugu, Pande, machimbo ya Kunduchi,
na nukta nyingi, nyingi mno, hapa hapa Mlimani,
mkabala na mgahawa.
Nikacheka. Mbawakawa gani huyu, mpenda chai ya saa nne?
Kicheko kikanikauka.
Nukta zilikuwa zinafuata barabara.
Nukta zilikuwa sisi:
pale gari la idara lilipofika,
pale mafuta yalipotosha,
pale Bwana Pazi, pengine, alipokuwa na shangazi wa kumpikia.
Na ule weupe mpana, Tandale, Kigogo, Vingunguti,
Mbagala nzima ninakolaza ubavu,
haukusema "hawapo".
Ulisema "hamkuuliza".

Basi nikatundika shuka uani kwangu, Kiburugwa,
na balbu mbele yake.
Mama Sikudhani akachungulia juu ya ukuta:
"Leo mnaonyesha picha gani?"
"Ya bure."
"Basi nalete kigoda."
Wakaja kumbikumbi kwa fujo, kama wamealikwa wao tu.
Wakaja chenene, nondo wa rangi ya majivu,
vunjajungu mmoja akasimama pembeni kama mdai.
Fukusi wakatoka dukani kwa Mangesho, na siri ya mchele wake.
Mbu hawakuijali shuka. Walikuja kwangu.

Kalembo ana miaka minane na chupa ya soda.
Ndani, kitu cha kijani kinachokwaruza kioo.
"Huyu haji kwenye taa, dada. Utakesha bure.
Huyu yuko mfenesi wa kina Zuhura, upande wa jua,
siku ya pili mvua ikikatika. Siku ya kwanza hayupo.
Kwa Mzee Ngonyani kuna mfenesi pia, lakini hayupo."
"Kwa nini?"
"Ule wanauchoma moto chini. Takataka."

Nilikuwa na shahada mbili na daftari.
Nikaandika alivyosema, neno kwa neno, nikamwomba arudie.

Hayumo kwenye droo ya kumi na saba.
Hayumo kwenye ya kumi na nane.
Sisemi ni mpya; mimi si mtu wa kutangaza ndoa kwa sababu ya posa.
Labda jina lake liko kwenye droo ya mji mwingine, chini ya vumbi lingine.
Nasema: sijui. Na nimelisema kwa maandishi.

"Lazima afe?" aliuliza.
Nilikuwa na jibu la darasani. Halikutoka.
Nikamwambia, "Huyu mmoja, ndiyo. Wa mfenesini tuwaache."
Akanyamaza muda mrefu,
akaugonga udongo kwa kidole cha mguu.
"Basi jina naandika mimi."

Akaandika kwa penseli, ulimi nje:
MBAGALA KIBURUGWA, MFENESI, UPANDE WA JUA, KALEMBO.
Karatasi ikamzidi mdudu mara nne.
Kanuni yasema milimita kumi na nane.
Nimeikunja mara mbili chini ya pini.
Droo sasa haifungi vizuri.